Jinsi ya Kununua Trekta Dogo la Mtumba Lenye Loda ya Mbele: Mwongozo Kamili

Wakuu, hii naiandika kwa sababu malalamiko yamekuwa yale yale. Mtu kanunua trekta dogo la Kijapani, iwe Kubota, Yanmar au Iseki, nguvu za farasi 18 mpaka 30, loda (mikono yenye baketi ya kuzolea na kunyanyulia mzigo) ipo mbele, rangi inang'aa, injini inawaka funguo moja tu, kalipeleka shamba likazoe mbolea ya ng'ombe na mchanga, muda si mrefu limepasuka katikati au gia za mbele zimesagika. Ukimuuliza anakwambia mbona injini nzima kabisa. Ndio, injini nzima. Shida alilikagua kama trekta la kulimia.

Plau inavutwa na nyuma ya trekta, ambako ndiko palikotengenezwa kwa shuluba. Loda inaning'iniza mzigo mbele ya tairi za mbele, kila kilo unayonyanyua inakandamiza ekseli ndogo ya mbele na kulikunja trekta katikati. Kwahiyo hapa tunaanza kukagua mifupa, alafu ekseli ya mbele, alafu haidroliki (mfumo wa oili ya presha unaonyanyua loda), injini inakuja baadae huko.

## Beba hivi vitu

- Fundi wako wa matrekta, sio fundi wa muuzaji wala rafiki wa dalali
- Tochi kali na kioo kidogo cha mkononi
- Brashi ya waya, vitambaa, na diseli nusu lita ya kuoshea
- Chaki na tepu ya kupimia
- Mtaimbo mfupi
- Jeki ya chupa na vipande vya mbao ngumu vya kuegeshea
- Mifuko 4 ya saruji ya kilo 50, unaweza ukaazima duka la jirani au ukanunua tu utatumia nyumbani
- Chupa mbili nyeupe safi za kuchukulia oili
- Simu yenye app ya kutafsiri kwa kamera, maana matrekta yaliyotoka Japani moja kwa moja maandishi yake yote ni Kijapani

Mpigie muuzaji siku moja kabla umwambie asiliwashe mpaka ufike. Akikubali alafu ukifika ukakuta injini ya moto, umeshajua unaongea na mtu wa aina gani.

## Hatua ya 1: Pima mzigo wako kabla ya kuuliza bei

Mchanga mbichi mita moja ya ujazo inakaribia tani 1.8. Baketi za matrekta haya nyingi zinaingia lita 150 mpaka 200 hivi, maana yake ukijaza mchanga mbichi umeweka kilo 270 mpaka 360, na hapo hujahesabu uzito wa baketi yenyewe. Loda za trekta la farasi 18 mpaka 25 nyingi zinanyanyua kati ya kilo 200 na 400. Unaona tulipo, yaani mchanga baketi moja iliyojaa tayari uko mwisho wa uwezo.

Kuna mchezo wa namba pia. Uwezo wa loda unapimwa sehemu mbili, kwenye pini za baketi au nusu mita mbele ya pini. Namba ya kwenye pini siku zote ni kubwa zaidi na ndio utakayotajiwa. Mzigo wako wewe haukai kwenye pini, unakaa mbele ya pini, kwahiyo uliza ile ya pili.

Kama kazi yako ni mbolea, pumba, majani, taka za banda la kuku, trekta dogo linatosha sana. Kama ni mchanga na kokoto kutwa nzima, nenda kwenye saizi ya juu au kodi bekholoda (mashine kubwa ya kuchimba na kupakia), usijidanganye.

Mambo mawili mi siyafanyii mjadala: trekta livute tairi zote nne, na liwe na stelingi ya pawa. Loda kwenye trekta la kuvuta nyuma tu ni balaa, ukijaza baketi tairi za nyuma zinakuwa nyepesi zinazunguka bure. Kwenye Kubota za Kijapani angalia herufi DT kwenye jina la modeli, Yanmar nyingi zina D mwishoni. Ila herufi ni stika tu, kuvuta kwenyewe tutakupima hatua ya 4.

Umefaulu kama: unajua kilo ngapi utanyanyua, na modeli unayoenda kuiona inazifikia bila kubahatisha.

## Hatua ya 2: Makaratasi

Soma namba ya chesesi na namba ya injini kwa macho yako kwenye chuma, sio kwenye karatasi. Futa grisi, piga picha. Namba iliyochongwa upya inaonekana, chuma kinachozunguka kinakuwa kimesagwa na herufi hazijanyooka.

Kwa Tanzania linganisha na kadi ya usajili na uthibitishe TRA (mamlaka ya mapato). Kwa Kenya fanya upekuzi wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na tangu sheria ya 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika kuna daftari ambalo unaweza ukaangalia kama trekta limewekwa rehani ya mkopo. Jina la kwenye kadi na jina la anayepokea hela yawe moja. Akisema "la shemeji yangu yuko safari", mwambie utasubiri shemeji arudi.

Kama limeingia juzi tu na halijasajiliwa, dai nyaraka za forodha zenye namba hiyo hiyo ya chesesi. Ukikosa hizo kusajili kwako itakuwa kesi.

## Hatua ya 3: Kagua mifupa

Hapa usiwe na haraka. Matrekta haya madogo mengi hayana chesesi ndefu kama ya lori. Injini imefungwa kwa bolti kwenye hausingi (kasha la chuma) ya klachi, hausingi imefungwa kwenye gia boksi, na hivyo vyuma vya kumimina ndio mgongo wenyewe wa trekta. Chuma cha kumimina kinavumilia kukandamizwa, ila kukunjwa hakiwezi.

Sasa loda ya kiwandani inakuja na fremu yake, vyuma viwili virefu vinavyopita pembeni kutoka mbele mpaka karibu na ekseli ya nyuma, kwahiyo mzigo unagawanywa trekta zima. Loda nyingi za mitaani hazina hiyo. Trekta limekuja na rotaveta (jembe la kuzunguka la kusaga udongo) tu nyuma, mtu kaona yenye loda inauzika kwa bei nzuri, kachukua kwa wachomeleaji, nguzo mbili zikafungwa kwenye bolti za injini au hausingi, basi. Ukinyanyua mfuko wa saruji hauoni kitu, ila kila baketi inaufungua mgongo kidogo kidogo.

Fanya hivi. Lala chini na tochi. Fuata nguzo ya loda kwa kidole mpaka inapoishia, ujiulize hii nguvu inaenda wapi. Ikiishia kwenye hausingi bila chuma cha kuipeleka nyuma, ondoka, au bei iwe ya trekta bila loda na uweke hela ya fremu mpya pembeni.

Alafu chukua brashi ya waya na diseli, safisha maungio ya injini na hausingi, kushoto, kulia na chini. Kausha kwa kitambaa, subiri dakika chache. Ufa kwenye chuma cha kumimina unanyonya diseli na kuitoa taratibu, utaona mstari mweusi mwembamba kama unywele unarudi kwenye sehemu uliyokausha. Huo ndio unaoutafuta. Angalia hasa kwenye kona za matundu ya bolti.

Vingine vya kuangalia hapo hapo:

Bolti mpya peke yake katikati ya bolti za zamani. Muulize kwanini. Bolti inakatika pale ambapo chuma kinacheza.

Rangi mbichi iliyopita juu ya grisi. Ikuna kwa ukucha, ikitoka kama ngozi ujue imepigwa wiki hii, na mara nyingi inaficha weldingi.

Mikono ya loda. Simama mbele mita kama tano, shusha baketi ikae juu ya sakafu ya saruji, angalia kama kona zote mbili zinagusa. Kona moja ikining'inia, mikono imejikunja, mtu alikuwa anang'olea visiki kwa kona ya baketi.

Pini na bushi. Weka mtaimbo kwenye kila ungio ucheze nao. Mchezo wa milimita moja mbili huo ni uzee wa kawaida. Ukiona pini inahama mpaka tundu limekuwa yai, hapo bushi mpya haitoshi, tundu linatakiwa lijazwe na kuchongwa upya.

Umefaulu kama: hakuna mstari wa diseli uliorudi, nguzo za loda zinashikiliwa na fremu inayoenda nyuma, na baketi imekaa sakafuni sawa.

## Hatua ya 4: Ekseli ya mbele

Muuzaji atapenda kukuonyesha baketi inakandamiza chini mpaka tairi za mbele zinanyanyuka, "ona nguvu hiyo boss". Mwache afanye, ila usinunue kwa ajili ya hiyo. Kukandamiza chini sio kunyanyua juu, jeki za loda (mitungi ya haidroliki inayosukuma mikono) zinasukuma upande mwingine kabisa. Faida yake ni kwamba sasa tairi ziko hewani unaweza kukagua.

Onyo: weka mbao ngumu chini ya ekseli kabla hujaingiza hata mkono. Mpira wa haidroliki ukipasuka trekta linashuka bila kukuaga.

Shika tairi juu na chini ulitikise, alafu kushoto na kulia. Ukisikia gogo, ni beringi au vibakuli vya stelingi. Kisha ingiza mtaimbo kwenye pini kubwa ya katikati ambayo ekseli inayumbia, ukiinua ekseli nzima inapanda na kushuka, pini imekwisha. Kwa trekta la loda hii ndio inayoliwa kwanza.

Angalia nyuma ya tairi kama kuna oili iliyoshikana na vumbi. Sili ikivuja oili inaisha ndani, gia zinakauka, na gia za ekseli ya mbele ndio spea inayosumbua kuliko zote kwa matrekta haya.

Sasa jaribio la kuvuta nne. Zima injini, acha tairi moja ya mbele hewani na nyingine chini, ingiza gia na uingize leva ya tairi nne. Zungusha ile ya hewani kwa mkono. Inatakiwa ikatae, icheze kidogo tu. Ikizunguka hovyo, kuna kitu kimekatika ndani au shafti ya kupeleka nguvu mbele ilitolewa kabisa, nimeshaona trekta shafti imetolewa na leva imebaki kama pambo.

Andika pia saizi za tairi zote. Mbele na nyuma zilipangwa kwa uwiano na gia, mtu akifunga tairi za mbele za saizi yoyote aliyoikuta, kila ukiingiza tairi nne mbele na nyuma zinagombana na gia ndio zinaumia.

## Hatua ya 5: Haidroliki, na ipimwe ya moto

Oili ikiwa baridi ni nzito, pampu iliyochoka inaonekana nzima. Ndio maana wanakuonyesha dakika tano wanazima. Wewe acha trekta lifanye kazi kama dakika 20, nyanyua shusha nyanyua shusha, mpaka jeki ukizishika ziwe na joto.

Pakia ile mifuko minne, kilo 200. Nyanyua mpaka juu kabisa injini ikiwa kwenye mzunguko wa kati. Ipande bila kusita na bila mlio wa kulia kama mluzi. Ikipanda vizuri baridi ikagoma moto, pampu au valvu imechoka.

Shusha mpaka nusu mita kutoka chini, zima injini, chora chaki kwenye fimbo ya jeki, upime umbali kutoka kwenye chaki mpaka pale fimbo inapoingilia. Subiri dakika tano upime tena. Kushuka kidogo sana ni kawaida kwa mashine ya umri huu. Sentimita kadhaa ni sili za jeki au valvu, na hapo fundi wako atenganishe kipi ni kipi, maana sili ni hela ndogo, valvu ni mazungumzo mengine. Asisimame mtu chini ya baketi, hata kwa sekunde.

Fimbo za jeki zipitishe kidole. Zikiwa na vishimo vya kutu, sili mpya utakayoweka itachanika tena. Mipira yenye nyufa hesabu kwamba unanunua mipya. Na mpira unaovuja usiutafute kwa mkono wakati kuna presha, oili ya presha inatoboa ngozi, tumia kipande cha boksi.

Jambo ambalo wengi hawaliulizi: ukitumia loda, ile mikono mitatu ya nyuma, ya kufungia plau au rotaveta, bado inanyanyua? Loda iliyochomekwa vibaya kwenye mfumo inaua ya nyuma, au ya nyuma ikifanya kazi loda inakufa. Jaribu zote mbili.

## Hatua ya 6: Injini, klachi na gia

Hapa nitaenda haraka maana haya mnayajua. Ukifika tu, kabla trekta halijawashwa hata mara moja kwa majaribio ya juu, gusa injini, iwe baridi. Moshi mweupe kidogo asubuhi ukapotea sio tatizo. Wa bluu unaoendelea, inakula oili. Mweusi mzito bila mzigo, mafuta hayaungui vizuri, mara nyingi nozeli au chujio la hewa. Fungua kifuniko cha kujazia oili ikiwa inanguruma, mvuke kidogo sawa, ikipuliza kwa mapigo ringi zimekwisha. Mfuniko wa rejeta ufungue ikiwa baridi tu, ukikuta utando wa mafuta juu ya maji achana nayo.

Mita ya masaa usiiamini peke yake. Angalia kanyagio la klachi, mpira wake umelika kiasi gani, na siti, na usukani. Mita inasoma masaa 600 na kanyagio ni chuma kitupu? Mita imebadilishwa.

Klachi ndio inachoka sana kwenye kazi ya loda kwa sababu ya mbele nyuma mbele nyuma. Funga breki, weka gia kubwa kabisa, achia klachi taratibu. Injini inatakiwa izime. Ikiendelea kunguruma klachi inateleza, na kuibadilisha ni kulifungua trekta katikati litengane vipande viwili.

Toa oili ya gia boksi kidogo uiweke kwenye chupa nyeupe. Matrekta mengi ya Kijapani oili ya gia na ya haidroliki ni ile ile moja, kwahiyo ikiwa na rangi ya chai ya maziwa maji yameingia na yameshapita kwenye pampu pia. Trekta lililolala nje kwenye mvua, maji hupitia kwenye mpira wa leva za gia.

Namba ya injini iandike vizuri, utaihitaji kwenye maduka ya spea ya Gerezani (Dar) au Kirinyaga Road (Nairobi) kuliko jina la trekta. Injini za Kubota herufi ya kwanza inakwambia silinda, Z ni mbili, D ni tatu, V ni nne. Pita dukani uulize filta na sili za ekseli ya mbele za hiyo modeli kabla hujalipa, sio baada.

## Hatua ya 7: Liendeshe na mzigo, na uulize uzito wa nyuma uko wapi

Matrekta haya mengi breki ziko tairi za nyuma tu. Ukijaza baketi bila kitu nyuma, tairi za nyuma zinaelea, ukiwa kwenye mteremko unakanyaga breki na tairi zenye breki hazijashika ardhi. Ajali nyingi zinaanzia hapo, na mtu anasema breki zilifeli.

Kwahiyo liwe na uzito nyuma. Rotaveta iliyokuja nayo inafaa. Kama haipo, pipa la lita 200 likatwe nusu lijazwe zege, hiyo ni kama kilo 240, lifungiwe pini za mikono mitatu. Usijaze pipa zima, inakaribia nusu tani, utaua nyuma kwa kutafuta kuokoa mbele.

Endesha na ile mifuko ya saruji, baketi ikiwa chini kama sentimita 30 kutoka ardhini. Kata kona kushoto kulia mpaka mwisho, ingiza tairi nne kwenye udongo laini usikilize mlio wa kukatakata. Kwenye mlima panda kwa mbele, shuka kwa rivasi, upande mzito ubaki juu. Usikate mlima kwa ubavu na mzigo.

Angalia pia kama lina upinde wa kumlinda dereva likipinduka. Yaliyokuja kutoka mashamba ya mpunga Japani mengi ya zamani hayana. Loda inalifanya trekta lipinduke kirahisi zaidi, kwahiyo upinde na mkanda weka kwenye bajeti.

Umefaulu kama: unasimama kwenye mteremko na mzigo, na tairi zote nne zimekaa.

## Hatua ya 8: Bei na malipo

Kaa pembeni na fundi, kila kasoro iandikwe na bei yake: spea, ufundi, usafiri wa spea. Jumlisha. Hiyo ndio inayotoka kwenye bei aliyotaja, sio "nipunguzie kidogo kaka". Muuzaji anayejua kazi yake anaheshimu karatasi kuliko kelele.

Kuna kasoro za kupunguza bei na kasoro za kuondoka. Mipira, sili za jeki, betri, tairi, pini, hizo zinapunguza bei. Ufa kwenye hausingi, ekseli ya mbele iliyosagika kwenye modeli ambayo spea umeulizia ukakosa, na namba za chesesi zilizochezewa, hizo unaaga.

Lipa kwa benki kwenye akaunti yenye jina la kwenye kadi, mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, namba ya chesesi na ya injini ziwemo, na loda itajwe kwa maandishi. Kuna watu wamefuata trekta kesho yake wakakuta loda imefunguliwa, wanaambiwa bei ilikuwa ya trekta tu.

## Hatua ya 9: Masaa 10 ya kwanza nyumbani

Kabla ya kazi yoyote mwaga oili ya injini, na ile ya gia na haidroliki, weka mpya na filta mpya, hata kama kaapa kwamba kabadilisha juzi. Oili ya gia iwe ile ya matrekta inayofaa gia na haidroliki pamoja, usimwage oili yoyote ya gia ya gari mle. Ekseli ya mbele ina oili yake peke yake, watu wengi wanaisahau, fungua uangalie.

Piga grisi kila niple (kitundu cha kuingizia grisi) ya loda mpaka ya zamani itoke pembeni. Niple iliyoziba ing'oe uweke mpya, usiruke.

Anza na nusu baketi. Ukimaliza masaa 10 ya kazi, kaza upya bolti zote za fremu ya loda, zile za hausingi, na nati za tairi, maana baada ya kufunguliwa na kufungwa huwa zinalegea mwanzoni. Chora mstari wa rangi kwenye kila bolti na chuma kilicho pembeni yake. Wiki ijayo mstari ukiwa umepishana, bolti hiyo inazunguka, ikaze tena na utafute kinachoitikisa.